Chanzo Hakijathibitishwa

Saa tano kasorobo za usiku, Jumanne moja ya mwezi uliopita, nilibakiwa na sentensi moja tu kabla ya kufunga kazi. Habari ilihusu moto ulioteketeza vibanda vya soko lililo jirani na ninapoishi, na mwandishi wetu alikuwa ameileta kwa Kiingereza. Kazi yangu, kama ilivyo kila usiku, ilikuwa kuigeuza iwe Kiswahili ili isomwe alfajiri. Sentensi yenyewe ilisema: "The cause of the fire is yet to be ascertained." Sikuitafakari hata kwa nusu dakika. Niliandika, "Chanzo cha moto huo bado hakijathibitishwa," nikatuma, nikazima kompyuta, nikalala.

Asubuhi nilipitia sokoni. Mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye kibanda chake kilinusurika kwa kuwa upepo ulivumia upande wa pili, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akiwasomea wenzake habari ile ile niliyoitafsiri. Alipofika mwisho aliinua macho akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utuambie, nyie wa magazeti. Hakijathibitishwa maana yake mnakijua, si ndiyo? Mmeshaambiwa, mnangoja muhuri tu."

Nilimjibu kwamba hapana, hakuna anayejua. Aliitikia kwa kichwa, namna mtu mzima anavyomwitikia kijana ambaye hana ruhusa ya kusema. Kisha mwenzake, kwa sauti ya chini, akamtaja fundi umeme aliyeunganisha waya katika kibanda cha mwisho siku mbili kabla ya moto. "Basi si huyo. Wanasubiri kuthibitisha tu."

Siku ile fundi yule hakuonekana sokoni, wala siku iliyofuata.

Ni wiki ya tano sasa, na neno lile halijanitoka moyoni.

Shimo, na kitu kilicho mkononi

Jambo la kwanza nililojiuliza ni kama kweli nilikosea, au ni watu waliokuwa na hofu ndio walioisoma sentensi yangu kwa hofu yao. Kwa kawaida ningejitetea. Neno "thibitisha" limo katika lugha, wasomaji wanalijua, na hakuna mhariri ambaye angelipigia mstari. Lakini maelezo ya yule mama yalikuwa sahihi mno kuweza kupuuzwa: hakusema kwamba hakuelewa, alinieleza hasa alichokielewa, na alichokielewa kilikuwa ndani ya maneno niliyoyaandika.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba utalijua neno kwa wale linaoandamana nao. Ndivyo tunavyosema kuhusu watu pia. Nilichukua daftari, nikazipitia habari nilizozitafsiri kwa miezi kadhaa, na kila nilipolikuta neno "ascertain", lile nililoligeuza kuwa "thibitisha", niliandika jirani yake. Majirani walikuwa wale wale: ukweli wa jambo, chanzo cha ajali, ukubwa wa hasara, mahali alipo mtu aliyepotea, idadi ya abiria waliokuwamo, na mara nyingi kuliko yote neno dogo "whether", yaani kama jambo fulani liko au haliko. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwa "verify", neno jingine tunaloligeuza kuwa "thibitisha". Hapo nilikuta saini, cheti, anwani, akaunti, madai ya upande mmoja wa vita, picha ya video iliyosambaa usiku, hesabu ya kura.

Nilikaa na kurasa hizo mbili kwa muda mrefu kabla ya kuona kilichokuwa wazi. Mbele ya "ascertain" daima pana shimo. Anayefanya kitendo hicho hana kitu. Anajua tu kwamba kuna jambo asilolijua, na anatoka kwenda kulitafuta. Mbele ya "verify" pana kitu tayari: karatasi, kauli, jina, namba. Anayefanya kitendo hicho amekishika mkononi, na anachotaka ni kujua kama ni cha kweli.

Mfano ulionifungua macho kabisa ni neno moja linalokaa na vitenzi vyote viwili, nalo ni "identity", utambulisho wa mtu. Polisi wakiopoa mwili mtoni, hauna kitambulisho, hauna simu, hakuna ndugu aliyejitokeza, Kiingereza husema wanajaribu "to ascertain the identity" ya marehemu. Mteja akienda benki kufungua akaunti, ametoa kitambulisho cha taifa na ameweka kidole kwenye mashine, Kiingereza husema benki inataka "to verify the identity" yake. Marehemu hana jina bado. Mteja analo, na benki inataka kujua kama ni lake. Mswahili hachanganyi mambo hayo mawili hata siku moja: mwili haujatambuliwa, taarifa za mteja zinahakikiwa. Hakuna anayesema mwili haujathibitishwa. Lugha yetu iliniwekea tofauti hiyo tangu zamani, nami usiku ule niliipita bila kuitazama.

Kwa hiyo niliposema chanzo cha moto hakijathibitishwa, niliweka kitu mahali palipokuwa na shimo. Niliwaambia watu wa soko kwamba chanzo kipo, kina jina, kinasubiri kukubaliwa. Na watu, kwa kuwa si wajinga, wakaenda kukitafuta kitu hicho, wakamkuta fundi.

Muhuri

Ila kwa nini mama yule alisema muhuri?

Hilo lilinichukua siku nyingi zaidi. Jibu nililipata katika magazeti yetu wenyewe, katika ile sentensi ambayo kila msomaji wa Tanzania anaweza kuimaliza kabla hajaisoma: "Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo." Ajali imetokea saa nane mchana, watu mia wameiona, majeruhi wamefikishwa hospitali, picha zimezunguka simu hadi simu, lakini habari haikamiliki mpaka mwenye cheo athibitishe. Katika sentensi hiyo kuthibitisha hakuna maana ya kutafuta wala kulinganisha. Maana yake ni kwamba mkubwa amesema ndiyo.

Kiingereza kina neno la pekee kwa kazi hiyo, "confirm", na kila ninapolikuta nyuma yake kuna kinywa chenye mamlaka: msemaji, wizara, familia ya marehemu. Neno hilo lilitoka katika Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kitu imara, na "thibitisha" yetu, iliyotoka Kiarabu pamoja na "thabiti", ni ndugu yake wa maana: kufanya jambo lisitikisike. Linapotumika hapo linakaa vizuri. Simlaumu mwandishi anayelitumia kwa kauli ya kamanda. Ninachokiona sasa ni kwamba tumeliongezea mzigo mmoja baada ya mwingine, la kutafuta ni lake, la kulinganisha ni lake, la kukiri ni lake, hadi msomaji ameshika maana anayokutana nayo kila siku, ile ya mkubwa kusema ndiyo, na anaisoma hiyo hiyo kila mahali. Ndipo "hakijathibitishwa" ikageuka kuwa "wanajua ila hawajaruhusiwa kusema".

Nikikumbuka ni mara ngapi nimeandika "hakijathibitishwa" kuhusu ugonjwa, kuhusu kifo, kuhusu mtu aliyetoweka, nakosa raha.

Vyeti na kura

Kwa upande wa kuhakiki tuna uzoefu mkubwa, na neno lenyewe ni safi. Kila aliyesoma fasihi sekondari alilijua kwanza kama kazi ya kuchambua riwaya au shairi. Baadaye likatoka darasani. Mwaka 2017 halikuhitaji kufafanuliwa kwa mtumishi yeyote wa umma Tanzania, kwa kuwa uhakiki wa vyeti ulikuwa gumzo la kila ofisi, na mwezi Aprili mwaka huo orodha aliyokabidhiwa Rais Magufuli ilikuwa na majina 9,932 ya watumishi waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tazama vitenzi hivyo viwili vilivyokaa. Vyeti vilihakikiwa, maana vilikuwapo, kila kimoja kikalinganishwa na kumbukumbu za mitihani. Wenye vyeti vya kughushi walibainika, maana kabla ya hapo hawakujulikana.

Wakenya nao wamelipia maana ya neno hili mahakamani. Ibara ya 138 ya Katiba yao ya 2010 inaitaka tume ya uchaguzi, baada ya kura kuhesabiwa vituoni, "tally and verify the count and declare the result": kujumlisha, kuhakiki, kisha kutangaza. Vitenzi vitatu, kwa mpangilio huo. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na kwamba tume haina mamlaka ya kuyabadili huko Nairobi. Kwa maneno mengine, anayehakiki analinganisha tu alicholetewa, haandiki upya. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, na moja ya mambo yaliyobishaniwa sana lilikuwa ni namna matokeo yalivyopitishwa na kuhakikiwa kabla ya kutangazwa. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza maana ya kitenzi.

Kuna kauli moja ya mashirika ya habari ambayo bado inanisumbua, ile ya "could not independently verify". Wengi tumeiandika "halikuweza kuthibitisha kwa kujitegemea", na kila nikiisoma nasikia jembe na kijiji, kwa sababu kwetu kujitegemea ni neno lenye historia yake tangu Azimio la Arusha la 1967. Siku hizi naandika "halikuweza kuhakiki lenyewe". Ni fupi, na linasema kilichotokea: shirika limepewa madai, halikuwa na njia yake ya kuyapima.

Aya moja, visomo viwili

Wiki ya pili ya mahangaiko haya nilikumbuka aya ambayo nimeisikia tangu utotoni, aya ya sita ya Sura Al-Hujurat katika Kurani, inayowaamuru waumini wafanye nini anapowajia mtu mpotovu na habari. Niliitafuta katika tafsiri za Kiingereza kwa sababu ya kazi yangu tu, nikashtuka. Marmaduke Pickthall, mwaka 1930, aliandika "verify it". Abdullah Yusuf Ali, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, aliandika "ascertain the truth". Watafsiri wawili, aya moja, na wameachana njia mahali pale pale nilipojikwaa mimi. Mmoja ameitazama habari iliyoletwa, akasema ipimeni. Mwingine ameutazama ukweli ambao bado haujaonekana, akasema utafuteni.

Nilimpelekea jambo hili ustadhi mmoja wa mtaani kwetu, nikidhani nimegundua kitu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa upole, kisha akanieleza kwamba tofauti hiyo ni ya kale kuliko Kiingereza cha watafsiri hao. Katika kisomo, yaani namna ya kuisoma Kurani, tunachokifuata huku kwetu neno ni *fatabayyanu*. Katika kisomo cha Hamza na cha Al-Kisai, maimamu wa mji wa Kufa huko Iraki, ni *fatathabbatu*. Akachukua kalamu, akaandika umbo la herufi bila nukta, kama zilivyoandikwa misahafu ya mwanzo. Kichwa cha fa, meno manne madogo yaliyopangana, kisha wau na alifu. Akaweka nukta za kwanza, likawa neno la kwanza. Akaandika umbo lile lile chini yake, akaweka nukta kwa namna nyingine, likawa la pili.

"Yote mawili ni sahihi," alisema. "La kwanza ni kutafuta mpaka jambo likubainikie. La pili ni kutulia, usikimbilie, mpaka upate uthabiti."

Mtu wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa watoto wa mizizi hiyo yote miwili wamo nyumbani mwake: bayana, baini, bainisha, thabiti, ithibati, thibitisha. Sheikh Ali Muhsin Barwani alipoitafsiri aya hiyo kwa Kiswahili hakuchukua hata mmoja wao. Aliandika "ichunguzeni", na nadhani aliona kwamba msikilizaji wa pwani anataka kuambiwa afanye nini kwa macho na miguu yake.

Lakini kilichonitoa usingizi usiku ule si mizizi ya maneno. Ni nani anayeamriwa. Katika visomo vyote viwili amri haimwendei mwenye cheo ili aje kuthibitisha. Inamwendea aliyeletewa habari.

Mimi ndiye niliyeletewa habari.

Sauti iliyorekodiwa

Nilikuwa nimeshaamua kwamba sentensi sahihi ni "Chanzo cha moto huo bado kinachunguzwa." Niliipenda, kwa kuwa ile ya Kiingereza ina ahadi ndani yake, jambo likiwa "yet to be ascertained", msomaji anaelewa kwamba kuna mtu kazini. Lakini baada ya mazungumzo na ustadhi sikuweza kuiandika. Nilijuaje kwamba kuna anayechunguza? Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Ningekuwa nimeondoa kitu kimoja nisichokijua, nikaweka kingine.

Nikampigia mwandishi aliyeileta habari, kijana makini ambaye sina la kumlaumu.

"Kamanda wa Zimamoto alisema nini hasa?" nilimuuliza. "Aliongea Kiingereza?"

"Hapana, dada. Kiswahili. Ninayo sauti yake."

Aliituma. Ilikuwa fupi, yenye kelele za maji na watu, na nimeisikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika bila kuifungua: "Chanzo hatujakijua bado. Vijana wangu wako hapa, wanaangalia. Tukishajua tutawaambia."

Hatujakijua bado.

Kamanda alikuwa amesema kila kitu, kwa Kiswahili ambacho mama wa vitenge asingekisoma vibaya. Alikiri shimo, akamtaja anayelichimbua, akaahidi kurudi. Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakuandika tu kwamba hakijulikani, akaniambia kwa unyoofu kwamba dawati la Kiingereza lingemrudishia, lingesema hiyo ni lugha ya shule ya msingi, na kwamba "ascertained" ndilo neno linalopita. Hivyo maneno ya mtu mmoja yalitoka kinywani mwake kwa Kiswahili, yakavishwa Kiingereza cha ofisini, yakanijia usiku, nami nikayarudisha katika Kiswahili kisichokuwa chake. Njiani yalipoteza jambo moja tu, nalo ni kukiri kwamba hatujui.

Nilikwenda kwa mhariri na karatasi mkononi. Alisoma sentensi zote mbili, akaniuliza ni msomaji gani atakayeona tofauti. Nilimweleza habari za fundi. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali nibadilishe maandishi kwenye mtandao yasomeke, "Chanzo cha moto huo bado hakijajulikana, Zimamoto wanaendelea kuchunguza." Niliomba tuweke na masahihisho chini, ili aliyeisoma ile ya kwanza ajue imebadilika. Hilo alilikataa, akisema kuwa hatukukosea ukweli wowote. Sijakubaliana naye mpaka leo. Sentensi inaweza kuwa haina uongo hata mmoja na bado ikampeleka mtu asiye na hatia kujificha.

Pindo la kitenge

Nilirudi sokoni Jumamosi na simu yangu, nikamwekea mama ile sauti. Alikuwa anamhudumia mteja, kwa hiyo alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi. Mteja alikuwa na wasiwasi kama kitenge ni halisi. Mama alikikunjua, akalivuta pindo hadi penye maandishi ya kiwanda, akamwonyesha aone herufi zilivyochapwa. Akakigeuza upande wa ndani, akauweka sambamba na ule wa nje, rangi ile ile, haijafifia. Akalowesha kidole gumba kwa maji ya chupa, akasugua ua jekundu, akakinyanyua kidole mbele ya uso wa mteja: kikavu, cheupe, hakina rangi.

"Hiki ninacho, ninakipima," aliniambia bila kugeuka, na nikajua kwamba alikuwa ameisikia sauti yote. "Ule moto sina. Kwa nini hamkusema tu hamjui?"

Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kamanda alisema vizuri tangu mwanzo. Aliniomba nimtumie ile sauti. Niliituma pale pale, naye akaipeleka kwenye kundi la wafanyabiashara wa soko, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: HAWAJAJUA BADO.

Fundi alirudi wiki iliyofuata. Nilimwona amepanda ngazi kwenye kibanda kipya, koleo mdomoni, akivuta waya, na chini yake walisimama watu wawili wakimtazama kila anapokaza skrubu. Sikuweza kujua kama wanamtazama kama watu wanavyomtazama fundi, au vinginevyo.

Ninapoandika haya chanzo cha moto ule hakijajulikana. Nimempigia mwandishi wetu mara mbili kumuuliza kama vijana wa kamanda wamepata kitu, na mara zote mbili ameniambia kwamba hawajamrudia. Jumatatu nitampigia kamanda mwenyewe.